Nundu za Kichwa si Mizani ya Utu

Kuna uganga mmoja unaofanywa mchana kweupe. Hauna tunguri wala ada, na wengi wanaoufanya hawajijui kuwa ni waganga. Ni uganga wa kuangalia umbo la kichwa cha mtu kisha kuihukumu tabia yake. Huyu ana komwe, basi ana akili. Yule kisogo chake kimechongoka, basi ni mkaidi. Wa tatu ana kichwa kidogo, basi hata akipelekwa shule hatafika mbali. Wa nne paji lake la uso limelala nyuma, basi msimwachie mlango wazi. Maneno haya husemwa barazani, husemwa ndani ya mabasi, na, jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, husemwa pia katika vyumba vya walimu na katika ofisi ambamo watu hupewa kazi au hunyimwa. Wasemao hayo wako namna mbili: wako wanaodhani kuwa wananena sayansi, na wako wanaodhani kuwa wanarithisha hekima ya wazee. Nakusudia kuonyesha kuwa kundi la kwanza limekosea kabisa, kuwa kundi la pili limekosea kwa sehemu kubwa, na kuwa nchi hizi zetu zimekwisha kulipa kwa ajili ya fikira hiyo gharama ambayo vijana wetu hawana budi kuijua.

Yafaa kwanza tuijue asili ya jambo lenyewe. Mwasisi wake alikuwa tabibu wa Kijerumani, Franz Joseph Gall, aliyezaliwa mwaka 1758 katika kijiji cha Tiefenbronn. Alipokuwa mwanafunzi aliona kuwa baadhi ya wenzake waliomshinda kwa kukariri masomo walikuwa na macho yaliyojitokeza nje. Kutokana na macho hayo akajenga, baada ya miaka mingi, jumba zima la mawazo. Alisema kuwa ubongo ni mkusanyiko wa viungo vidogo vingi, kila kimoja na sifa yake: kimoja cha wizi, kimoja cha kupenda watoto, kimoja cha kiburi, kimoja cha kumcha Mungu. Kiungo chenye nguvu huwa kikubwa, na fuvu hulifuata umbo la ubongo kama kanzu inavyomfuata mvaaji. Kwa hiyo mwenye ujuzi akipitisha vidole vyake juu ya kichwa cha mtu, atakuta nundu na mabonde ambayo ni maandishi ya tabia yake. Gall alihesabu viungo 27. Mwanafunzi wake, Johann Spurzheim, akaongeza vingine, na jina lililoenea la elimu hiyo likawa frenolojia. Mimi nitaiita elimu ya vichwa, maana kuiita hivyo kunaivua joho lake.

Gall alianza kutoa mihadhara mjini Vienna mwaka 1796. Miaka michache baadaye mfalme wa huko akampiga marufuku, kwa kuhofia kuwa mafundisho hayo yangeidhuru dini. Marufuku hayo yalimpa Gall umaarufu zaidi, akatembea katika miji ya Ulaya hadi akafika Paris, ambako alifanya kazi mpaka kufariki dunia mwaka 1828.

Haki ya mtu haifichwi, hata kama tunampinga. Gall alishikilia kuwa ubongo ndio kiti cha akili na hisia, na kuwa sehemu zake mbalimbali zina kazi mbalimbali. Katika hayo mawili hakukosea. Mwaka 1861 tabibu Mfaransa, Paul Broca, alichunguza ubongo wa mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila sauti moja tu, akakuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Hapo ikathibitika kuwa usemi una mahali pake. Lakini mahali hapo si pale nyuma ya macho alipopataja Gall, wala hapana kidole duniani kinachoweza kupagusa kupitia mfupa na kikasema kama mwenye kichwa hicho ni msemaji au bubu.

Basi kosa lilikuwa wapi? Walimu wa sayansi watanisamehe nikikaa hapa kidogo, kwa sababu kosa lenyewe ni somo zuri kuliko elimu nzima iliyolizaa. Gall alikusanya mifano iliyomfuata na kuitupa iliyompinga. Alizuru magereza na nyumba za wagonjwa wa akili, akapapasa vichwa, na kila alipomkuta mwizi mwenye nundu juu ya sikio alifurahi na kuandika. Akimkuta mwizi asiye na nundu hiyo, husemwa kwamba kiungo kingine kimeifunika. Akimkuta mtu mwaminifu aliye nayo, husemwa kwamba kiungo chake cha uadilifu kimeushinda wizi wake. Tazama hila hiyo! Dai lililofungwa kila mlango halishindwi na ushahidi wowote, na dai lisiloweza kushindwa na ushahidi wowote halina haki ya kuitwa sayansi. Mpiga ramli naye hafanyi vingine. Ukipona, ni dawa yake. Usipopona, hukufuata masharti.

Kisha kuna mfupa wenyewe. Fuvu si kanzu. Unene wake hutofautiana mahali na mahali katika kichwa kimoja, na nyuma ya nyusi mna mifuko ya hewa inayolisukuma paji mbele bila ya ubongo kuwa na habari. Pierre Flourens, mtaalamu Mfaransa, alifanya majaribio juu ya ubongo wa njiwa na wanyama wengine katika miaka ya 1820, hakuviona viungo vya Gall, na mwaka 1842 akachapisha kitabu kizima cha kuibomoa elimu hiyo. Wako waliosema kuwa siku zile hapakuwa na vyombo vya kutosha. Basi vyombo vimekuja. Mwaka 2018 watafiti wa Oxford walichukua picha za vichwa vya watu karibu 6,000, zilizopigwa kwa mitambo ionayo ndani ya mwili, wakayalinganisha maumbo ya vichwa hivyo na habari za maisha ya wenyewe kwa njia ile ile aliyoidai Gall. Hawakupata chochote cha kumuunga mkono.

Na wale wanaopima akili kwa ukubwa wa kichwa? Hao nawapa mizani tu, wapime wenyewe. Ubongo wa Ivan Turgenev, mwandishi wa riwaya wa Urusi, ulipopimwa baada ya kufa kwake ulikuwa na uzito wa gramu zaidi ya 2,000. Ubongo wa Anatole France, mwandishi Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1921, ulikuwa gramu zipatazo 1,000 tu, nusu ya ule wa Turgenev. Nani atathubutu kusema kuwa France alikuwa nusu ya mwandishi? Na ubongo wa Gall mwenyewe, baba wa elimu hii, ulipimwa ukaonekana kuwa gramu 1,198, chini ya wastani wa watu wa kwao.

Lakini uwongo ukiwa na faida haufi kwa kukanushwa. Mwanasheria wa Edinburgh, George Combe, alichapisha mwaka 1828 kitabu kilichouzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Huko Marekani ndugu wawili, Orson na Lorenzo Fowler, waliigeuza elimu ya vichwa kuwa duka. Walipapasa vichwa kwa malipo, wakauza vinyago vya vichwa vilivyochorwa mipaka kama ramani, wakatoa jarida lililoanza mwaka 1838 na kudumu hadi 1911. Mwajiri aliweza kumwambia kijana alete cheti cha kichwa chake kabla ya kupewa kazi. Mchumba naye aliweza kushauriwa kama kichwa cha mwenziwe kinamfaa. Mwandishi Mark Twain alikwenda kwa Fowler mjini London katika miaka ya 1870, akajificha jina lake. Fowler akampapasa, akamwambia kuwa pale pa ucheshi pana shimo. Baada ya kama miezi mitatu Twain alirudi kwa jina lake mwenyewe lililokwisha kuvuma. Shimo lilikuwa limetoweka, na mahali pake pameota mlima! Kichwa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni jina.

Kisa hicho huchekesha. Yanayofuata hayachekeshi.

Katika mji wa Philadelphia alikuwako tabibu aliyeitwa Samuel George Morton, ambaye alikusanya mafuvu ya watu wa mataifa mbalimbali, akayajaza mbegu za haradali, na baadaye risasi ndogo za chuma cha risasi, ili ajue ujazo wake. Kisha akayapanga mataifa ngazi kwa ngazi. Mzungu akamweka juu, Mwafrika akamweka chini. Katika kitabu chake cha mwaka 1839 aliweka insha ya yule yule Combe, na kwa hiyo mkono wa elimu ya vichwa ukashikana na mkono wa ubaguzi wa rangi mbele ya macho ya watu wote. Nchi iliyokuwa ikiwauza watu mnadani ilifurahi kuambiwa na msomi kuwa wanaouzwa waliumbiwa kuuzwa. Huko Italia naye Cesare Lombroso alidai, katika kitabu cha mwaka 1876, kuwa mhalifu huzaliwa mhalifu na hujulikana kwa fuvu, taya na masikio. Charles Goring wa Uingereza alipima wafungwa zaidi ya 3,000 na kutoa matokeo mwaka 1913: hakuiona sura ya mhalifu aliyozungumza Lombroso. Hata hivyo wangapi walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kwa ajili ya masikio yao?

Sasa tufike kwetu. Wakoloni wa Kijerumani walipoitawala Afrika Mashariki yao, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi, kipimo cha mafuvu kilikuwa kimekwisha kuwa heshima ya vyuo vyao. Mtaalamu Felix von Luschan wa Berlin alikuwa na mkusanyiko mkubwa, na kutoka huku maofisa, matabibu na wasafiri walimpelekea vichwa. Vilitolewa makaburini na mapangoni walimozikwa watu. Vingine vilikuwa vya watu waliouawa na dola. Namtendea Luschan uadilifu: yeye mwenyewe aliandika kuwa wanadamu wote asili yao ni moja. Lakini vichwa alivichukua. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walimaliza kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya kutoka Afrika Mashariki. Zaidi ya 900 yalikuwa ya Rwanda, na kama 200 ya Tanzania. Hebu, mwanafunzi, hesabu madawati ya shule yako yote, kisha ufikiri mafuvu 1,100 ndani ya masanduku, kila moja limeandikwa namba mfupani.

Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na wa Kimeru. Inaaminiwa kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Matokeo yale ya mwaka 2023 yalipotangazwa, kichwa cha Meli hakikuwa kimeonekana, ila fuvu la Akida, mshauri wake, lilitambuliwa kwa kipimo cha damu ya nasaba, na jamaa zake wako hai nchini mwetu. Fikiri mzee anayeambiwa kuwa babu aliyemwombea miaka yote bila kaburi alikuwa ndani ya sanduku la makumbusho.

Kichwa cha Mtwa Mkwawa wa Wahehe kina kisa chake. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi cha kuandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikirudishe. Haikukirudisha wakati ule. Mwaka 1953 Gavana Sir Edward Twining alikwenda Bremen, na huko makumbusho akakuta mafuvu kwa wingi. Atalijuaje la Mkwawa? Alikuwa amekwisha kupima vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Akatenga mafuvu yaliyokaribiana na vipimo hivyo, na miongoni mwake akachagua lililokuwa na tundu la risasi. Fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954 kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wako wanaolitilia shaka hadi leo. Mimi sitaki kuingia katika ubishi huo, maana heshima waliyoipata Wahehe siku ile ilikuwa ya kweli kwao. Nataka msomaji alione jambo moja: hata siku ya kurudisha kilichoibwa, mtawala hakuwa na njia nyingine ya kumjua Mwafrika ila kwa kumpima kichwa.

Upande wa Kenya, katika miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa Hospitali ya Mathari alipima vichwa vya Waafrika, na mwenziwe F. W. Vint akapima uzito wa ubongo wa maiti za hospitali na kuchapisha matokeo mwaka 1934. Walisema kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni kwa asili. Chama kilikuwa kimekwisha kuundwa Nairobi mwaka 1933 kwa ajili ya fikira kama hizo. Kumbuka wakati wenyewe: palikuwa na mabishano juu ya kiasi cha elimu anachostahili mtoto wa Kiafrika. Akija mtu wa mizani akasema kuwa kichwa cha mtoto huyo hakina nafasi, mweka hazina hufurahi, kwa kuwa shule haitajengwa. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, umri, na chakula alichokula mtu tangu utotoni. Aliyempunguzia mtu chakula na shule asije baadaye na mizani kumwuliza kwa nini amepungua.

Na Rwanda? Wapimaji wa pua na vichwa waliwakuta watu wa lugha moja, dini moja ya jadi na mfalme mmoja, wakawaambia kuwa hawa wametoka kaskazini na wameumbiwa kutawala, na hawa ni wa ardhi na wameumbiwa kutawaliwa. Wabelgiji, waliowafuata Wajerumani, waliliandika neno hilo katika vitambulisho miaka ya 1930. Siwezi kusema kuwa rula peke yake ndiyo iliyoua watu mwaka 1994. Siasa, hofu na uchu wa madaraka vilifanya kazi yao. Lakini katika mauaji yale ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walisimamishwa njiani wakaulizwa vitambulisho, na aliyekosa kitambulisho alitazamwa pua na kimo. Huo ndio mwisho wa safari iliyoanza kwa mwanafunzi mmoja kutazama macho ya wenzake darasani.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa: “Bwana we, acha Wazungu na mafuvu yao. Wazee wetu nao walimsoma mtu kwa sura.” Ni kweli, walikuwako. Wasomi wa Kiislamu walikuwa na elimu ya firasa, na Fakhruddin al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, aliandika kitabu juu yake. Katika kabila nyingi za bara zimo pia dhana za mtu mwenye uso wa namna hii au ile. Sitaki kuwapaka wazee wetu asali. Dhana isiyopimwa haigeuki kuwa kweli kwa sababu imesemwa na babu. Lakini tuisikilize lugha yenyewe, maana lugha ndiyo ghala ya fikira za watu. Mswahili akitaka kusifu tabia husema fulani ana moyo mwema. Akilaumu husema ana roho mbaya, au moyo wake mgumu. Hasemi kuwa ana fuvu jema. Kichwa katika lugha yetu ni cha akili na ukaidi: ana kichwa, ana kichwa kigumu, ni kichwa maji. Na hata hapo ni mafumbo, kwa kuwa hapana aliyekwenda kugusa maji yenyewe. Methali nayo yasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Waliotunga methali hiyo walikuwa wanagusa kichwa, tena kwa mkono mzima, lakini hawakutafuta nundu. Walitafuta mfano wa kuonyesha kuwa hapana aliyenyimwa. Nao waliosema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walimwonya kijana asihukumu chombo kwa rangi ya nje. Na ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Hapo ndipo walipoweka mizani.

Tena mama zetu wanajua jambo ambalo Gall hakulijua. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto mchanga hukandwa kichwa kwa maji ya moto na kulazwa kwa uangalifu ili kichwa kikae mviringo. Ikiwa umbo la kichwa ndilo tabia, basi mkunga ndiye anayegawa wizi na uaminifu kwa kiganja chake! Wamangbetu wa kaskazini mashariki ya Kongo walikuwa wakivifunga vichwa vya watoto wao ili virefuke nyuma, na desturi hiyo ilififia katikati ya karne ya 20. Vichwa vilirefuka, lakini watu hawakuwa wa tabia moja. Walikuwako wapole na wakali, wajinga na werevu, mafundi wa kuchonga na kufua chuma ambao kazi zao makumbusho ya ulimwengu hugombea. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na zaidi ya miaka 30 nimekaa na majalada. Niliwahi kuwa katika jopo la usaili wa kazi ya ukarani, katika ofisi ambayo sitaitaja. Kijana mmoja alijibu vizuri, na vyeti vyake vilikuwa safi. Alipotoka, mjumbe mmoja, mtu msomi kuliko mimi, akasema: “Mmemwona paji lake? Watu wa paji lile hawatunzi siri.” Nikamwuliza amelijua wapi jambo hilo. Akacheka, akasema kuwa hilo linajulikana. Wengine nao wakacheka. Tulipopiga kura, tulikuwa watatu kwa mmoja, na kijana hakuipata kazi. Katika jalada iliandikwa kuwa hakufikia kiwango. Nani atakayefungua jalada hilo kesho akajua kuwa kiwango chenyewe kilikuwa paji la uso? Usiku ule niliandika ubeti huu:

Kichwa si chuo, mwenzangu, ukisome kwa kidole,
Hakigawiki mafungu, ya wema huku na kule,
Umbo ni kazi ya Mungu, la huyu hata la yule,
Vitendo, siyo mizungu, ndivyo mizani ya kale.

Mtu asidhani kuwa uganga huu unakufa na wazee. Umevaa nguo mpya. Mwaka 2016 watafiti wawili wa China walitangaza kuwa wameifundisha kompyuta kumtambua mhalifu kwa picha ya uso. Walipoulizwa picha zimetoka wapi, ilionekana kuwa za wahalifu zilitoka polisi, na za wasio wahalifu ziliokotwa katika intaneti, ambako mtu huweka picha aliyoipenda mwenyewe. Mtambo ulijifunza tofauti ya picha, si ya watu. Na ziko kampuni zilizouza programu za kumtazama uso mwomba kazi na kumpa alama. Vijana wetu wanaopenda mitambo, nami nafurahi kuwa wanaipenda, wauulize mtambo swali lile lile ambalo Gall hakuulizwa mapema: mifano iliyokataa imewekwa wapi?

Nawageukia walimu, kwa kuwa wao ndio walioshika vichwa vya Taifa, tena vikiwa bado laini. Mwalimu anayemwita mtoto “kichwa nazi” mbele ya darasa hudhani anatania. Wenzake hucheka, jina likamwandama mtoto hadi uwanjani na nyumbani. Baada ya muda mtoto mwenyewe huacha kuinua mkono, kwa kuwa amekwisha kuambiwa kilichomo ndani. Mwisho wa mwaka hushindwa mtihani, na mwalimu husema: “Nilijua tangu nilipomwona.” Hakujua. Alisababisha. Huu ndio ubaya ulio mkubwa katika elimu ya vichwa, kuwa hujitafutia ushahidi kwa kuwaharibu watu. Ndivyo ilivyofanya Kenya kwa kuzuia shule, na ndivyo inavyofanya katika darasa lenye watoto 60 na mwalimu mmoja aliyechoka. Nasema aliyechoka kwa sababu najua: mwenye watoto 60 hutafuta njia ya mkato ya kumjua kila mmoja, na kichwa ndicho kinachoonekana kwanza kutoka ubaoni.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo haikutaja fuvu. Kama mtoto hasomi, mwalimu aulize kwanza kama anaona ubao, kama anasikia, kama amekula asubuhi, na kama nyumbani ana taa. Hayo manne hupimika, na mengine kati yake hutibika kwa miwani au kwa uji. Katika taarifa ya mwanafunzi mna nafasi ya kuandika juu ya tabia. Humo yaandikwe yaliyotendwa, na tarehe yake: aliwahi shule au alichelewa, alimsaidia mwenziwe au alimwonea, alilipa kitabu alichopoteza au hakulipa. Mzazi akiisoma taarifa ya namna hiyo ataweza kubishana nayo, na mtoto ataweza kuirekebisha muhula ujao.